Muhuri Kwenye Mfuko wa Shati

Kazi yangu ilikuwa kutomwamini mtu, na niliifanya vizuri. Kiwandani waliniita Mama Oda, kwa sababu oda zote za manunuzi niliandika mimi. Tulikuwa tunaunda mita za umeme, zile za kufungwa ukutani, na ndani ya kila mita kuna chipu ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho ambayo kazi yake ni kukumbuka tu. Umeme ukikatika asubuhi ukarudi jioni, mita inatakiwa ijue ilikuwa imefikia wapi. Bila hiyo chipu ya kumbukumbu, mita ni boksi la plastiki lenye taa nyekundu.

Watu wakisikia mimi ni mnunuzi wa chipu hudhani nashinda nabishana bei kama niko sokoni kwenye nyanya. Bei naiuliza mwisho. Kwanza namwuliza muuzaji: nikikuandikia leo, mzigo utafika baada ya wiki ngapi? Utaendelea kuitengeneza chipu hii miaka mingapi, au mwakani utaniambia umehamia aina mpya, nibaki nahangaika kuchora upya bodi ya saketi inayoibeba? Miguu ya chuma ya chipu inakaa kwenye bodi yangu bila kulazimishwa? Na ukichelewa, utaniambia wewe au nitasikia kwa watu? Muuzaji anayesema "nimechelewa" kabla sijamwuliza, huyo nampenda kuliko anayeniletea kalenda na kalamu kila mwaka mpya.

Halafu kuna kanuni moja inayozipita zote: usiwe na muuzaji mmoja. Hata akiwa malaika. Malaika naye kiwanda chake kinaweza kuungua.

Mume wangu alikuwa upande wa pili wa ukuta, maabara, mpimaji. Chipu yoyote niliyoileta ilipita mikononi mwake kabla ya kuruhusiwa kuingia kwenye mita. Aliiweka kwenye oveni saa elfu moja, akaitoa akaiweka kwenye baridi, akaikatia umeme ghafla mara maelfu aone kama itasahau. Jina lake la kiwandani lilikuwa Tungoje. Ukimwuliza chipu zimefaulu, anasema tungoje. Ukimwuliza mvua itanyesha, tungoje. Hata siku ya harusi yetu, alipoulizwa kama ananikubali niwe mke wake, alivuta pumzi kwanza akatafakari, mama yangu nusura azimie. Kisha akasema "ndiyo" kwa sauti iliyosikika mpaka nje. Ndivyo alivyokuwa, akikupa neno umelipata.

Kila mpimaji alikuwa na muhuri wake. Wa mume wangu ulikuwa namba saba, mdogo kama kiberiti, wenye wino wake ndani na kifuniko kinachofungwa mpaka kilie. Aliuweka kwenye mfuko wa shati, upande wa kushoto, miaka ishirini na miwili. Muhuri hauazimwi. Mpimaji akiugua, kazi inangoja apone, akifiwa, inangoja arudi. Maana ukigongwa na mkono mwingine hata mara moja, kila karatasi iliyowahi kugongwa nao inatiliwa shaka. Jioni alilitundika shati nyuma ya mlango wa chumba chetu na muhuri wake ndani, kwa sababu chumba kile tulilala wawili tu, na wa pili nilikuwa mimi.

Sasa, kwa miaka kumi na moja tulikuwa tumevunja kanuni yangu. Muuzaji wa chipu alikuwa mmoja, hakuwahi kutuangusha, tukalewa. Kisha akaanza kuchelewa. Wiki kumi zikawa kumi na sita, kumi na sita zikawa thelathini. Watengenezaji wakubwa wa simu na kompyuta walikuwa wananunua chipu kwa meli nzima nzima, na sisi watu wa mita tukawa tunapewa makombo. Ndipo mteja wetu mkubwa, shirika la umeme, akaandika barua. Kabla ya kusaini mkataba mpya alitaka karatasi inayoonyesha kuwa chipu zetu zinatoka viwanda viwili tofauti. Alitupa miezi miwili.

Kwenye ukumbi wa kuunganisha walikaa wanawake sitini na wanne, wamevaa makoti ya bluu na kofia za nywele, kila mmoja na taa yake. Nilianzia kwenye zile meza. Kiti changu cha kwanza kilikuwa cha tatu kutoka dirishani. Mkataba usiposainiwa, wale wanarudi nyumbani. Meneja hakunificha.

"Mama Oda," aliniambia, "usipopata muuzaji wa pili, mimi na wewe tutasimama pale mbele tuwaambie. Na wewe ndiye utakayeanza."

Nilipata watatu. Wa kwanza chipu yake ilikuwa na miguu minane badala ya sita, maana yake bodi ichorwe upya. Wa pili alitaka tuagize nyingi kiasi cha kutumia mpaka wajukuu zetu. Wa tatu alileta wakala, mama mcheshi mwenye miwani ya mnyororo, na chipu yake ilikaa kwenye bodi yetu kana kwamba ilizaliwa pale. Tena kwa wiki nane! Hapo hapo ningepaswa kushtuka. Dunia nzima inasema thelathini, mmoja anasema nane, na mimi ambaye kazi yangu ni kutomwamini mtu nikamwagizia chai. Mfamaji haachi kutapatapa.

Chipu zake zikaingia kwenye oveni ya mume wangu. Baada ya wiki sita zilikuwa zimefaulu kila kitu. Nilitegemea angalau atatabasamu, lakini alikuwa amekunja uso.

"Zimefaulu mno," alisema.

"Kuna kufaulu mno?"

"Namba zake na namba za muuzaji wa zamani zinalingana mpaka tarakimu ya mwisho. Hata mapacha hawafanani hivi, mama."

Tangu binti yetu azaliwe aliniita mama, nami nikamwita baba. Binti mwenyewe wakati huo alikuwa shule ya bweni, nyumba imebaki ya wazee wawili wanaojadili oveni mezani.

Siku mbili baadaye alikuja nyumbani na ripoti yenye picha mbili. Alikuwa amechukua chipu moja ya zamani na moja mpya, akazidondoshea asidi mpaka ganda jeusi likalika, akatazama ndani kwa hadubini. Wachoraji wa chipu wana mchezo wao, pembeni mahali ambapo umeme haupiti huwa wanachora kitu kidogo cha kujifurahisha ambacho mteja hatakiona kamwe. Katika picha ya kwanza kulikuwa na konokono aliyebeba nyumba yake, pembe moja fupi kuliko nyingine. Katika picha ya pili kulikuwa na konokono. Pembe moja fupi kuliko nyingine.

"Baba, unanipa nini hiki?"

"Konokono."

"Naona ni konokono. Nauliza maana yake."

"Maana yake huyu muuzaji mpya hana kiwanda. Ananunua kule kule anakotengeneza yule wa zamani, anabandika jina lake juu. Ndiyo maana ana wiki nane, alinunua mapema akajaza ghala. Likiisha, atapanga foleni kama sisi."

"Wengi wanafanya hivyo. Si kosa."

"Sijasema ni kosa. Nimesema si wawili."

"Chipu zenyewe nzima au mbovu?"

"Nzima kabisa."

"Basi gonga muhuri tule."

Alisogeza sahani pembeni, akaiweka fomu katikati ya meza. "Fomu ina maswali mawili, mama. La kwanza, chipu ni nzima? Ndiyo. La pili, inatoka kiwanda tofauti? Hapo unataka nigonge nini?"

"Mtegemea cha nduguye hufa maskini," nilimwambia. "Mteja anataka wa pili, nimpe wa pili."

"Na njia mbili zilimshinda fisi. Wewe hata mbili huna. Unayo moja, umeipaka rangi mara mbili."

Siku nyingine ningecheka. Nilimtajia wale wanawake sitini na wanne. Nilimtajia mmoja mmoja, yule mwenye mume mgonjwa, yule anayejenga, yule aliyenifundisha kulehemu nilipokuwa sijui kushika waya. Aliwajua wote. Akasema nimpe wiki sita nyingine ampime yule wa miguu minane, huyo alikuwa na kiwanda chake kweli.

"Sina wiki sita! Nina siku mbili!"

"Basi mwambie Meneja ukweli, naye amwambie mteja. Mteja ni mtu, ataelewa. Tungoje."

"Tungoje, tungoje! Wewe ulizaliwa unangoja!"

Yeye alicheka. Kwa utaratibu, ripoti ya kukataa mzigo hupewa mnunuzi aliyeuleta, naye ndiye huipeleka kwa Meneja. Kwa hiyo aliniachia ripoti mezani, na fomu tupu juu yake, akaenda kulala. Aliniamini kuipeleka.

Asubuhi alikuwa bafuni. Nilisikia maji, nilisikia anavyopiga mluzi wake ule usio na wimbo. Shati lilikuwa nyuma ya mlango. Nataka niseme kuwa nilisita, lakini sikusita. Nilikuwa nimekesha najishawishi, na nilipoinuka kitandani jambo lilikuwa limekwisha kichwani: ni karatasi tu, ya kuvukia. Baada ya miezi sita nitaleta muuzaji wa pili wa kweli, nitabadilisha, hakuna atakayeumia. Nikaingiza mkono mfukoni. Fomu nilikuwa nimeshaijaza usiku, ndiyo mbili; nikaiweka juu ya godoro, godoro likabonyea, nikaiweka juu ya kitabu cha simu cha zamani, nikagonga. Namba saba ikatokea ya bluu, safi kabisa. Maji bafuni yakanyamaza. Nikarudisha muhuri haraka na kifuniko sikukifunga mpaka kilie.

Mkataba ulisainiwa. Wanawake walipiga vigelegele ukumbini, Meneja alinishika mkono mbele ya watu. Ripoti ya konokono niliifungia kwenye droo yangu ofisini, chini ya katalogi.

Maboksi ya muuzaji mpya yalipoanza kuingia stoo, mume wangu aliniuliza swali moja tu. Tulikuwa mezani.

"Zile chipu zimeingia?"

"Zimeingia."

"Kwa karatasi gani?"

"Karatasi zipo," nilisema, nikamwongezea mchuzi.

Aliutazama ule mchuzi. Akala, akamaliza, akasema ahsante. Jumamosi nikafua, na kwenye mfuko wa shati lake, upande wa kushoto, palikuwa na doa la bluu kubwa kama shilingi. Nilisugua kwa sabuni, kwa ndimu, mpaka vidole vikaniwaka. Lilififia, halikutoka. Shati nikalipiga pasi nikalitundika, na Jumatatu akalivaa. Akalivaa wiki hiyo na wiki zilizofuata, ingawa alikuwa na mashati mengine matano. Mimi mjinga nikafikiri hajaliona lile doa.

Na ile ahadi yangu ya miezi sita? Majuto ni mjukuu. Kila mwezi kulikuwa na moto mwingine wa kuzima, skrubu hazijafika, plastiki imepinda. Yule wa miguu minane aliniandikia mara mbili, sikumjibu. Mita zilikuwa zinatoka, na mita zikitoka hakuna anayeuliza.

Mwezi wa saba baada ya pale, mvua kubwa zikanyesha kule mbali zinakotengenezwa chipu, maji yakaingia kiwandani. Saa nne asubuhi nikapata barua pepe ya muuzaji wa zamani: uzalishaji umesimama, hatujui mpaka lini. Niliinuka nikafunga mlango. Saa tano kasorobo ikaingia ya wakala, yule mama mcheshi, safari hii bila utani: kwa masikitiko, mafuriko, uzalishaji umesimama, hatujui mpaka lini. Ghala lake lilikuwa limekwisha wiki mbili kabla. Nilikaa kitini naona konokono wawili wanazama kwenye maji yale yale.

Tulikuwa na chipu za siku tisa. Siku ya kumi taa za mezani zilizimwa moja moja, na wanawake sitini na wanne walivua makoti ya bluu wakayakunja. Yule aliyenifundisha kulehemu alinipa lake mkononi. Hakunilaumu, alidhani na mimi nimeumizwa kama wao.

"Pole, Mama Oda," aliniambia.

Kikao kilifanyika chumba cha juu. Alikuwepo Meneja, wakuu wa vitengo, mimi, na mume wangu mwisho wa meza. Mteja alikuwa ameshafungua chipu mwenyewe, na picha za konokono zilikuwa mbele ya kila mtu. Meneja aliinua ile fomu.

"Swali la pili," akasoma. "Inatoka kiwanda tofauti? Ndiyo. Muhuri namba saba." Akaishusha. "Mzee Tungoje, watu hapa wanakuita hivyo kwa sababu hukurupuki. Ilikuwaje?"

Mume wangu hakumtazama Meneja. Alinitazama mimi. Hakuwa na hasira hata kidogo, na ndiyo maana mpaka leo silali vizuri. Alinitazama kama anavyotazama oveni, kwa utulivu, akipa kitu muda wake. Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Lilikuwa fupi: "Ni mimi." Mbele yangu kulikuwa na glasi ya maji yenye ufa mdogo ukingoni, nikautazama ule ufa. Nikasema moyoni, aanze kusema yeye, akinitaja nitakubali. Akinitaja tu, nitakubali.

"Muhuri ni wangu," alisema.

Hakusema aligonga. Mimi peke yangu mle chumbani nilisikia tofauti. Akautoa mfukoni, akaufunga kifuniko mpaka kikalia, akausukuma katikati ya meza. Miaka ishirini na miwili iliishia pale kati ya jagi la maji na karatasi. Aliposimama niliona doa la bluu kifuani kwake, na wengine waliokuwa pale waliliona pia, wakadhani ni uzembe wa mzee.

Nilimkuta nyumbani anapanga nguo kwenye begi la binti yetu, lile dogo lenye gurudumu moja bovu. Nilianza kulia mlangoni.

"Baba, nitawaambia. Kesho asubuhi nitawaambia."

"Vizuri," alisema, akakunja suruali.

"Kwa nini hukusema? Ungesema tu ni mimi!"

"Nilijua tangu siku ile ile, mama. Nilitoa shati nyuma ya mlango, wino umenipaka vidole." Aliketi ukingoni mwa kitanda. "Na mimi nina kosa langu. Niliona maboksi yanaingia nikanyamaza miezi saba. Nilijiambia ukimpa mtu muda, atakuja mwenyewe. Nilivaa lile shati kila siku ili uone kwamba nimeona. Nilikungoja mezani. Nilikungoja kitandani. Leo kwenye kikao nimekungoja mara ya mwisho."

"Unaniacha kwa sababu ya kazi?"

"Kazi?" Alishangaa kweli. "Kazi ni kazi. Ungeniomba, ningekataa, tungegombana, yangekwisha. Mama, nilikuwa natundika shati pale nyuma ya mlango kwa sababu hapo ndipo mahali pekee duniani nisipolinda mfuko wangu."

Alikwenda kwa dada yake, ng'ambo ya mji, kwenye nyumba yenye chumba cha mbele kinachotazama barabara. Akaweka meza, akaanza kutengeneza redio na pasi za watu.

Kesho yake sikuwaambia. Wala kesho kutwa. Hili ndilo gumu kulisimulia kuliko la muhuri. Sasa nilikuwa mtu wa lazima kiwandani, hakuna mwingine aliyejua kutafuta chipu, na nikajificha nyuma ya hiyo lazima. Nilimwandikia yule wa miguu minane, nikamwomba radhi, bodi ikachorwa upya. Nikatafuta na wa tatu. Kila sampuli niliagiza ifunguliwe kwa asidi, nami niliinama mwenyewe kwenye hadubini nikitafuta pembeni. Huyu alikuwa amechora ufunguo mdogo. Yule hakuchora kitu. Wapimaji vijana wakanisifu, Mama Oda umetoa wapi ujuzi huu? Nikasema nimesoma mahali.

Binti yetu alipiga simu kutoka shule. "Mama, mbona baba anapokea simu yuko kwa shangazi?" Nikamwambia baba anamsaidia shangazi kazi fulani. Nilipokata simu nilichukia sauti yangu. Nilikuwa nimegonga muhuri mwingine.

Ilichukua wiki kumi na moja. Siku hiyo nilikuwa natafuta katalogi kwenye droo, na mkono wangu ukaishika ile ripoti. Mwisho wa ukurasa, kwa mwandiko wake, chini ya picha, alikuwa ameandika mstari ambao sikuwahi kuusoma kwa sababu sikuwahi kufika mwisho: *Mnunuzi amefanya kazi kubwa kwa muda mfupi, naomba asilaumiwe kwa hili.* Niliisoma nimesimama. Kisha nikapanda ngazi mpaka kwa Meneja, sikupiga hodi, nikaiweka mezani nikasema lile neno fupi.

Alisoma mara mbili. "Kwa nini sasa?" aliuliza.

Nilimwonyesha kwa kidole mstari wa mwisho. Alinifukuza kwa adabu, alinipa hata boksi la kuwekea vitu vyangu. Kisha akaniambia kitakachofuata, na nilikuwa nakijua. Muhuri namba saba ungekatwa katikati kwa msumeno, na kila karatasi uliyowahi kuigonga ingepimwa upya, zote, za miaka ishirini na miwili. Wangemwita mume wangu arudi, kwa sababu wapimaji vijana hawakuzijua karatasi zile za zamani, na angepewa namba mpya.

Unaweza kuamini kwamba niliteremka zile ngazi nikiwa na furaha? Nilijiambia nimelipa. Nilijiambia sasa naweza kwenda kumchukua. Nilijipa wiki mbili, barua ya kazini imfikie kwanza, asije akadhani namletea maneno matupu. Nikapaka rangi ule mlango wa chumba, nikapigilia msumari mpya wa kutundikia shati.

Wifi yangu alinifungulia. "Karibu wifi," alisema, akanishika mikono yote miwili, akatazama pembeni. Akaniingiza chumba cha mbele, akaniketisha kwenye kochi la ukutani, akatuacha.

Mume wangu alikuwa amefungua redio ya mtu, miwani puani, pumzi yake ile ile ya taratibu. Amekonda kidogo. Alikuwa na fulana tu kwa sababu ya joto, na shati lilikuwa limetundikwa kwenye mgongo wa kiti kilichokuwa kando ya mlango, jipya, jeupe, halina doa. Mfuko wa kushoto ulikuwa umetuna kidogo. Kumbe muhuri alikuwa ameshapewa.

"Karibu, mama. Safari?"

"Salama. Barua imefika?"

"Imefika. Nimeanza Jumatatu. Hizi redio nazimalizia za watu." Alivua miwani. "Nimesikia ulipeleka mwenyewe. Ahsante. Najua haikuwa rahisi."

"Namba ngapi?"

"Kumi na tisa."

Wifi alileta chai, akatoka. Nilimwambia kila kitu, kuhusu glasi yenye ufa, kuhusu binti, kuhusu mstari wa mwisho wa ripoti. Nilimwambia nimepaka rangi mlango. Alisikiliza vizuri, hakunikatiza, mara moja alicheka niliposema nilipaka na bawaba zake zikagoma kufunguka. Nilikiona kile kicheko nikasema moyoni, yamekwisha, amenisamehe. Na kweli alikuwa amenisamehe. Aliniambia kwa mdomo wake, "Nimekusamehe, mama, siku nyingi," na huyu mtu akikupa neno umelipata.

"Basi twende nyumbani," nilisema.

"Tungo..." alianza, akaishia hapo.

Kikombe changu kilikuwa mbali, kwenye meza yake. Nikainuka, nikakichukua, nikatafuta pa kukaa karibu naye, na kiti pekee kilichobaki kilikuwa kile chenye shati. Nikakivuta nikaketi. Mgongo wangu ukagusa kitambaa.

Aliinuka. Alifanya taratibu, bila kukunja uso, kama mtu anayesogeza glasi isianguke mezani. Alilivuta lile shati kutoka nyuma yangu, akalipitisha juu ya bega langu, akazunguka meza, akalitundika kwenye msumari nyuma ya kiti chake mwenyewe, upande ambao mkono wangu haufiki. Kisha akaona alichokifanya. Tukatazamana, na macho yake yakajaa machozi kabla ya yangu.

"Kunywa chai, mama," alisema. "Inapoa."